Gari-nyumba la dizeli na programu ya udanganyifu: mambo ya kufanya kabla fundi hajagusa kompyuta

Anayenunua gari-nyumba hununua vitu viwili kwa mkupuo. Chini kuna gari la kampuni moja: injini, chesisi, kompyuta, ekzosi. Juu yake kuna nyumba iliyojengwa na kampuni nyingine: kitanda, jiko, tangi la maji, hita, paa la kuinuka. Kashfa ya dizeli ilipozuka Ulaya, barua, marekebisho na hesabu za fidia zote ziliandikwa kwa kumfikiria mwenye gari dogo la kwendea kazini. Mwenye gari-nyumba aliachwa ajitafsirie mwenyewe, na wengi walipoteza haki zao kwa kupeleka gari gereji mapema mno au kwa kumdai fidia kampuni isiyohusika.

Mambo yalianza tarehe 18 Septemba 2015. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, ulitangaza kwamba Volkswagen imeweka kwenye magari yake ya dizeli programu inayotambua gari linapokuwa kwenye mtambo wa kupimia moshi. Pale usukani haugeuzwi, na mwendo hufuata ratiba inayojulikana. Kompyuta ikiona dalili hizo huwasha udhibiti wote wa moshi. Gari likirudi barabarani, udhibiti unalegezwa. Waliofungua njia ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vipimo nyuma ya magari yakiwa safarini na kukuta Jetta moja ikitoa oksidi za nitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango kinachoruhusiwa. Kampuni ilikiri kuwa magari milioni 11 duniani yana programu hiyo, na tarehe 23 mkurugenzi mkuu, Martin Winterkorn, akajiuzulu.

Kwa wenye magari-nyumba jambo hili liliuma kwa namna yake. Hawa ni watu waliojinyima miaka ili waweze kulala kando ya ziwa au msituni na watoto wao, na wengi walichagua dizeli mpya kuliko kuukuu kwa sababu waliambiwa ni safi. Hasira yao ilikuwa ya haki. Ila hasira iliwafanya wengine wakimbilie kusaini karatasi yoyote iliyowekwa mbele yao.

Swali la kwanza ni kama gari lako limo. Injini iliyoanzisha kashfa inaitwa EA189, ya lita 1.2, 1.6 na 2.0. Kwa upande wa magari ya kazi ya Volkswagen, waliokumbwa ni wenye Caddy, ambayo wengi huigeuza kuwa kigari-nyumba kidogo, na wenye Amarok, ile pikapu ambayo watu huipandishia kibanda cha kulala. Mwenye T5, lile gari la mizigo la Volkswagen, alikuwa na kazi ya kuuliza kwa namba ya chesisi, maana jina la gari peke yake halikutosha kumwambia kitu. Baadaye, Desemba 2017, T6, zilizoirithi T5, nazo zilisimamishwa kukabidhiwa kwa wateja kwa sababu ya vipimo vya oksidi za nitrojeni, na hiyo ndiyo gari inayobeba California, gari-nyumba maarufu kuliko yote ya kampuni hiyo. Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 22 Julai waendesha mashtaka wa Frankfurt walipekua ofisi za Fiat Chrysler na za wenye Iveco huko Ujerumani, Italia na Uswisi, wakisema magari zaidi ya 200,000 yaliyouzwa Ujerumani yanashukiwa. Hapo ndipo ulimwengu wa magari-nyumba ulipotikisika kwelikweli, kwa kuwa Fiat Ducato ndiyo iliyo chini ya sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Ulaya, hata kama ubavuni limeandikwa jina lingine kabisa.

Kwa hiyo usiangalie nembo ya mjenzi wa nyumba. Chukua namba ya chesisi, herufi na tarakimu 17, iliyogongwa kwenye chuma na kuandikwa kwenye kadi ya gari. Iulizie kwa kampuni ya gari la chini, na jibu uliombe kwa maandishi. Halafu tafuta cheti cha ulinganifu cha gari. Gari-nyumba huidhinishwa kwa hatua mbili: hatua ya kwanza ni ya aliyetengeneza chesisi na injini, hatua ya pili ni ya aliyejenga nyumba. Unavihitaji vyeti vyote viwili, kwa sababu suala la injini limo katika kile cha kwanza, na aliyekuuzia huenda alikupa cha pili tu. Angalia pia gari lako limeandikwa la abiria au la kazi. Euro 5 na Euro 6 ni viwango vya Ulaya vya moshi. Kwa Euro 5, dizeli ndogo ya abiria iliruhusiwa miligramu 180 za oksidi za nitrojeni kwa kilomita. Kundi zito la magari ya kazi liliruhusiwa 280. Kwa Euro 6 ni 80 na 125. Watu wamebishana miezi mizima wakitumia kiwango kisicho cha gari lao.

Ili uelewe kinachofuata, elewa valvu ya EGR. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili mwako upoe, na mwako ukipoa oksidi za nitrojeni hupungua. Ubaya wake ni kwamba masizi huongezeka. Masizi hayo hunaswa na kichujio cha DPF, na kichujio hujisafisha kwa kuyaunguza kwenye joto la karibu nyuzi 600. Ukilegeza EGR, injini inakuwa nyepesi na safi kwa ndani, lakini hewa ya nje inachafuka. Ukiikaza, hewa inapona, na valvu, njia za hewa na kichujio vinabeba mzigo zaidi. Udanganyifu wote ulisimama hapo: EGR ilikazwa maabara na kulegezwa barabarani. Kwa upande wa Fiat, wakaguzi wa Ujerumani mwaka 2016 walisema gari aina ya 500X hupunguza usafishaji wa moshi baada ya dakika 22, na kipimo rasmi cha wakati huo kilichukua sekunde 1,180, yaani hazifiki dakika 20. Wenye magari-nyumba walipeleka hoja hiyohiyo mahakamani kuhusu Ducato. Kampuni ilikana.

Marekebisho ya EA189 yalikuwa mafupi. Kwa injini ya lita 2.0 ni programu mpya tu, kazi ya nusu saa hivi. Kwa ile ya 1.6 ni programu pamoja na kipande cha plastiki chenye wavu kinachowekwa mbele ya sensa ya hewa ili hewa iingie imetulia, kazi isiyofika saa moja. Amarok ndizo zilizotangulia, Januari 2016. Ujerumani gari lisilorekebishwa liliweza kuondolewa barabarani na mamlaka. Uingereza ilikuwa hiari, na hapo ndipo wenye magari walipogawanyika kambi mbili.

Ushauri wangu kwa gari lolote lenye wito wa kurudishwa gereji wa namna hii, la jana au la kesho, ni kwamba kabla ya programu mpya kuwekwa, gari lipigwe picha kamili ya hali yake. Bila hiyo, tatizo likitokea baada ya siku kumi utaambiwa lilikuwepo tangu zamani, na hutakuwa na la kujibu. Pima ulaji wa mafuta kwa kujaza tangi hadi pampu ijikate, tembea angalau kilomita 500 ukiwa na mzigo wa kawaida, jaza tena kwenye pampu ileile, gawanya lita kwa kilomita kisha zidisha kwa 100. Rudia kwa matangi matatu, kwa sababu upepo na milima hudanganya. Usiitegemee skrini ya dashibodi, inakadiria. Nunua kisomeo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ya kuwasiliana na kompyuta ya gari, chini ya usukani, soma kodi zote za hitilafu (namba za makosa) zilizohifadhiwa, hata zile ambazo hazijawasha taa, na uzihifadhi pamoja na tarehe na kilomita. Kama programu ya simu inaruhusu, andika pia gramu za masizi ndani ya DPF na umbali tangu kichujio kilipojisafisha mara ya mwisho. Namba hiyo ya mwisho ni dhahabu. Gari lililokuwa likijisafisha kila kilomita 600 likianza kujisafisha kila 200 baada ya programu mpya, una ushahidi ambao hakuna meneja wa gereji anayeweza kuupuuza.

Siku ya kazi, omba karatasi inayotaja namba ya toleo la programu kabla na baada. Waambie pia kwa maandishi kuwa ni gari-nyumba lenye betri ya pili. Hili ni dogo lakini limewaharibia watu: umeme ukishuka katikati ya kuweka programu, kompyuta ya injini inaweza kufa, na gari-nyumba lenye friji, chaja na paneli za sola lina waya nyingi ambazo fundi wa magari ya kawaida hajawahi kuziona. Zima kila kitu cha upande wa nyumba mwenyewe, na hakikisha fundi amefunga chaja kwenye betri ya kuwashia.

Baada ya hapo, yaliyoharibika mara nyingi ni yaleyale. Valvu ya EGR inaganda kwa masizi, kodi P0401 inatokea, gari linakosa nguvu mlimani na kukataa kuvuka mizunguko fulani. Kichujio kinajaa, kodi P2463. Watu huambiwa hapo hapo wanunue kichujio kipya. Usikubali kabla ya kujua gramu. Kwenye injini hizo za Volkswagen kichujio huanza kujisafisha chenyewe kikiwa na gramu 18 hadi 24 hivi; kikifika karibu 40 gereji inabidi ilazimishe usafishaji; kikizidi 45 joto la kuunguza linaweza kukipasua na ndipo kinapobadilishwa. Kati ya 24 na 40, nusu saa ya barabara kuu kwa mwendo wa wastani na gia ya chini kidogo mara nyingi inatosha.

Gari-nyumba lina adui wake wa pekee hapa, nao ni kuegeshwa. Linasafiri wiki mbili, kisha linakaa miezi likiwashwa dakika kumi za kulisogeza uani. Kila usafishaji unaokatizwa huacha dizeli iliyonyunyizwa ikichuruzika hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili kila mwezi. Kiwango kikipanda badala ya kushuka, na oili ikinuka dizeli, badilisha oili hata kama kilomita hazijafika, maana oili iliyopungua uzito inaua turbo na beringi. Tumia oili ya majivu machache iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa dizeli nyingi za Volkswagen zenye DPF ni ile ya kiwango cha 507 00. Oili ya bei rahisi huacha majivu ambayo hayaungui kamwe. Na usiwashe injini uani bure. Ama lisafiri nusu saa, ama lilale na chaja ya betri.

Volkswagen ilitoa ahadi ya miezi 24 baada ya marekebisho, ikigusa vifaa 11 vya mfumo wa moshi na mafuta, kwa magari yasiyozidi kilomita 250,000. Wengi hawakuijua. Walilipa EGR kwa fedha zao wakati dirisha lilikuwa wazi. Kila wito una sharti la namna hii limefichwa katika ukurasa wa pili au wa tatu wa barua, usome wote.

Wapo waliochoka wakaenda kwa fundi wa kuziba EGR na kutoboa DPF. Nawaelewa, maana wamelipa mara mbili kosa ambalo si lao. Lakini Uingereza gari ambalo lilikuja na DPF na sasa halina linafeli ukaguzi wa mwaka tangu Februari 2014, na faini ya kulitembeza inafika pauni 1,000 kwa gari la abiria na 2,500 kwa gari la kazi. Ukiziba pia umelichafua lile dai lako: wakili wa upande wa pili atasema gari si lile lililouzwa.

Tuje kwenye fedha. Ujerumani, tarehe 25 Mei 2020, mahakama ya juu ya rufaa ya nchi hiyo iliamua kuwa mwenye Volkswagen Sharan aliyolinunua kwa euro 31,490 analirudisha na kupewa euro 25,616, baada ya kukatwa matumizi. Matumizi hukokotolewa hivi: bei mara kilomita ulizotembea, gawanya kwa kilomita ambazo gari lilibakiza kuishi siku ulipolinunua. Hesabu hii inampendelea mwenye gari-nyumba. Gari la euro 60,000 lililonunuliwa jipya, likikadiriwa kuishi kilomita 300,000 na limetembea 30,000 tu, linakatwa euro 6,000. Ndiyo maana upande wa utetezi ulipigania gari-nyumba lihesabiwe kwa miaka badala ya kilomita. Ukiwa na kesi ya namna hii, kitabu cha huduma chenye kilomita za kila mwaka ni silaha.

Tarehe 26 Juni 2023 mahakama hiyohiyo ilifungua mlango mwingine: hata pasipo kuthibitisha nia ya kudanganya, mnunuzi anabaki na gari na kupewa asilimia 5 hadi 15 ya bei. Hapa sasa gari-nyumba linaumia. Mahakama hujumlisha thamani ya matumizi na thamani iliyobaki. Jumla hiyo ikizidi thamani halisi ya gari siku ya ununuzi, ziada inakatwa kwenye fidia. Chukua gari letu la 60,000 na fidia ya asilimia 10. Thamani yake halisi siku ile inahesabiwa kuwa 54,000. Matumizi ni 6,000. Kama leo linauzika kwa 45,000, jumla ni 51,000, unapata 6,000 yako kamili. Kama linauzika kwa 52,000, jumla ni 58,000, inakatwa 4,000 na unabaki na 2,000. Magari-nyumba hushika bei, tena sana, kwa hiyo fanya hesabu hii kabla ya kulipia kesi. Ukiwa na risiti tofauti za vitu ulivyoongeza mwenyewe, paneli, betri, hema la ubavuni, una hoja ya kuviondoa kwenye thamani iliyobaki.

Uingereza, Mei 2022, Volkswagen ilikubali kulipa pauni milioni 193 kwa wadai wapatao 91,000 bila kukiri kosa, wastani wa pauni 2,100 kwa mtu. Kabla ya kusaini na kampuni ya mawakili inayosema hutalipa kitu ukishindwa, soma vifungu vitatu: asilimia watakayochukua ukishinda, gharama ukijitoa katikati, na nani anabeba gharama za upande wa pili mkishindwa. Na usisaini kwa mawakili wawili. Watu wamefanya hivyo kwa kujaza fomu usiku kwenye simu, na kujinasua kukawa kazi.

Kuna dhuluma moja ambayo bado inanikereketa. Kanda za hewa safi hutazama cheti, hazitazami moshi. London nzima, tangu tarehe 29 Agosti 2023, dizeli isiyofika Euro 6 na isiyozidi tani 3.5 inalipa pauni 12.50 kwa siku inayotembea humo, na siku huhesabiwa usiku wa manane hadi usiku wa manane. Ukiingia saa tano usiku na kutoka saa saba umelipa mara mbili. Gari la Euro 6 lenye programu ya hila linapita bure. Ukaguzi wa mwaka wa dizeli nao hupima weusi wa moshi tu, na oksidi za nitrojeni hazionekani kwa macho.

Jambo la mwisho linawahusu wanaoota kuliendesha gari lao kutoka Ulaya hadi Afrika Mashariki, au kulipakia meli kuelekea Mombasa au Dar es Salaam. Tarehe 14 Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi zilizotoka Austria, ilichunguza ile programu ya marekebisho ya EA189. Ikakuta nayo inasafisha moshi kikamilifu kati ya nyuzi 15 na 33 tu, na chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Majaji walisema kifaa kinachozima ulinzi kwa sehemu kubwa ya mwaka hakiwezi kuhalalishwa kwa kisingizio cha kuilinda injini. Sasa fikiria Nairobi, takriban mita 1,700 juu. Arusha ni 1,400. Gari hilo "lililorekebishwa" lingekuwa nje ya dirisha lake kila siku.

Mafuta nayo ni suala. Euro 5 na Euro 6 zilitengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa 50, na baadhi ya nchi za njiani ziko juu zaidi. Salfa hulemea kichocheo cha ekzosi na kufupisha maisha ya kichujio, kwa hiyo panga kubadilisha oili katika nusu ya kilomita za kitabu. Ukiwa na gari la AdBlue, yaani linalonyunyizia maji ya urea kwenye ekzosi ili kupunguza oksidi za nitrojeni, usinunue madumu ya akiba ya mwaka mzima: kwa nyuzi 30 maji hayo ya urea hudumu miezi 12 hivi, kwa 35 ni miezi 6. Yahifadhi sakafuni chini ya kitanda, mbali na ukuta wa jua, na yasome tarehe kabla ya kumimina, kwa sababu tangi la AdBlue likiisha au likigoma, injini ukiizima inakataa kuwaka tena, hata ukiwa kilomita 200 kutoka gereji ya karibu.